Joto Liende Wapi? Gia za Mkono na Otomatiki kwenye Pikapu ya Kazi

Swali la msomaji: Nimepata pikapu mbili za dizeli za aina moja, zote za milango minne na zote zimekwishatumika. Moja ina gia za mkono na imetembea kilomita 140,000. Nyingine ni otomatiki na imetembea kilomita 120,000, lakini mwenyewe hana kumbukumbu za matengenezo ya giaboksi. Kazi yangu ni kubeba mzigo wa kilo 700 hivi karibu kila siku, na mara mbili kwa wiki kuvuta trela lenye uzito wa tani moja na nusu. Njia yangu ina kilomita 14 za udongo zenye milima, kisha lami yenye foleni. Tutaendesha watu watatu: mimi, dereva niliyemwajiri, na mke wangu ambaye hajawahi kutumia klachi. Marafiki zangu wanasisitiza kwamba otomatiki si gari la kazi. Nichague ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, nitaanza na uamuzi kabla ya sababu zake. Kwa kazi uliyoieleza, mimi ningenunua ile ya otomatiki, kwa sharti kwamba giaboksi yake ifaulu majaribio nitakayoyaeleza huko mbele, na kwamba uwe tayari kubadilisha oili yake mara tu gari likiwa mikononi mwako. Ikishindwa majaribio hayo, chukua ya gia za mkono bila kusita, huku ukitenga fedha za klachi. Marafiki zako hawasemi uongo wanapodai kwamba wameona otomatiki nyingi zikifia kazini; nami nimeziona, tena nimezifungua. Walipokosea ni kuutafuta udhaifu katika aina ya giaboksi, ilhali nyingi kati ya hizo ziliuawa na oili iliyoungua, na oili iliungua kwa sababu hakuna aliyejali joto lake.

Suala lote la kuchagua giaboksi ya gari la mzigo, kwa maoni yangu, ni suala la joto. Gari lililosimama lina magurudumu yasiyozunguka, na injini ya dizeli haiwezi kushuka sana chini ya mizunguko 700 au 800 kwa dakika bila kuzima. Kwa hiyo lazima pawepo kitu katikati kinachoruhusu upande mmoja uzunguke na wa pili utulie, hadi pande hizo mbili zifikie mwendo mmoja. Kitu hicho, kiwe cha aina yoyote, hugeuza sehemu ya nguvu ya injini kuwa joto, na kadiri mzigo unavyokuwa mzito na mlima unavyokuwa mkali ndivyo joto hilo linavyoongezeka. Kwenye gia za mkono joto huishia katika sahani ya klachi, ambayo ni diski kavu, nyembamba, iliyofungiwa ndani ya kasha lisilo na njia ya maana ya kupoza. Kwenye otomatiki joto huingia katika oili, na oili hiyo huzungushwa na pampu mpaka kwenye rejeta yake, ikapozwa na kurudi.

Ili usione kwamba nakuza mambo, tupige hesabu kwa gari lako. Pikapu ya milango minne ina uzito wa tani mbili hivi. Ongeza kilo 700 za mzigo na kilo 1,500 za trela, upate kilo 4,200. Chukulia kwamba umesimama kwenye mlima unaopanda mita 15 kwa kila mita 100, na badala ya kutumia breki unalishikilia gari kwa klachi iliyoachiwa nusu, kama madereva wengi wanavyofanya kwenye foleni. Kwa gia ya kwanza ya pikapu ya kawaida, klachi italazimika kubeba nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita (Nm) 120 hivi, na injini ikiwa kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, karibu kilowati 12 na nusu zitageuka kuwa joto ndani ya sahani ile. Hizo ni sawa na pasi sita za umeme zenye kilowati mbili kila moja, zikiwa zimewashwa kwa pamoja ndani ya kasha la chuma. Sekunde kumi zinatosha kutoa harufu ambayo kila fundi anaijua, na harufu hiyo maana yake ni kwamba sehemu ya umri wa klachi imekwisha.

Katika otomatiki ya kawaida ya pikapu, kazi hiyo ya kuondosha gari hufanywa na konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambamo pangaboi moja linalozungushwa na injini huirusha oili kwenye pangaboi la pili lililounganishwa na giaboksi. Kati yake kuna pangaboi dogo la tatu linaloielekeza oili inayorudi ili isaidie mzunguko badala ya kuupinga, na matokeo yake ni kwamba wakati gari linapoanza kusogea, nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye konveta huwa karibu mara mbili ya ile iliyoingia. Hii ndiyo sababu otomatiki huondoka na mzigo kwa utulivu ambao dereva wa klachi huupata kwa ustadi mkubwa tu, au kwa kuiunguza klachi. Gari likishashika mwendo, klachi ndogo iliyomo ndani ya konveta hujifunga na kuunganisha injini na giaboksi moja kwa moja. Hapo kuteleza hukoma, joto hupungua, na ulaji wa mafuta hushuka.

Naomba usisahau hatua hiyo ya kujifunga, kwa sababu ndiyo inayowatenganisha wanaoziua otomatiki na wanaozitunza. Ukipanda mlima mrefu na trela huku ukiwa umeacha mkono wa gia kwenye D, nafasi ya kwenda mbele ambapo gia hujichagua zenyewe, giaboksi inaweza kuendelea kung'ang'ania gia nyepesi, yaani za juu, konveta ikafunguka, oili ikawa inapigwapigwa bila kupumzika, na kila mara gari likawa linashuka gia na kuipandisha tena. Oili hupata joto pale pale ambapo mwendo ni mdogo na upepo wa kuipoza ni haba. Dawa yake ni rahisi: chagua mwenyewe gia ya tatu au ya nne, au ile gia ambayo injini inaivuta bila kulalamika, uache mizunguko ipande kidogo. Konveta itajifunga, pampu ya oili itazunguka haraka zaidi, na joto litashuka. Magari yenye kitufe cha kuvutia trela hufanya jambo hilo hilo kwa kubadilisha utaratibu wa kompyuta ya giaboksi, na ni jambo la kushangaza jinsi wamiliki wengi wanavyokaa na kitufe hicho miaka mitano bila kukibonyeza.

Oili ya otomatiki ikikaa kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi haina shida. Ikipita nyuzi 120 kwa muda mrefu huanza kuharibika upesi, hupoteza ulaini wake, na mabaki yake hujibandika kwenye valvu ndogo zinazoamua gia ipi iingie. Kwa sababu hiyo, gari linalovuta trela kila wiki linastahili rejeta ya ziada ya oili iwekwe mbele ya rejeta ya maji, pamoja na kipimo cha joto ambacho dereva anaweza kukisoma akiwa safarini. Ikiwa pikapu unayoitaka tayari ina rejeta ya namna hiyo kutoka kiwandani, hiyo ni hoja nzito upande wake.

Kuhusu madai kwamba otomatiki ni kitu laini cha magari ya starehe, historia inasema vingine. General Motors ilitangaza giaboksi ya Hydra-Matic mwaka 1939 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, na miaka michache baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, giaboksi hiyo ilikuwa ndani ya M5, kifaru chepesi cha Marekani chenye uzito wa tani 15 hivi, kilichosukumwa na injini mbili za Cadillac. Hata leo, malori ya kuzoa taka na mabasi ya mjini, ambayo husimama na kuondoka mamia ya mara kwa siku yakiwa na mzigo, kwa sehemu kubwa hutumia otomatiki zenye konveta. Wenye magari hayo hawafuati starehe ya dereva. Wamepiga hesabu ya klachi ambazo wangezimaliza kwa mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: pikapu mbili za jina moja, zenye injini moja, si lazima ziwe na nguvu sawa. Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya lita 2.8, tangu maboresho ya mwaka 2020, hutoa Nm 500 ikiwa na otomatiki, lakini Nm 420 tu ikiwa na gia za mkono, kwa sababu kiwanda huibana injini ili giaboksi na klachi visizidiwe. Pikapu ya Jeep Gladiator ilipoingia sokoni ikiwa toleo la mwaka 2020, ile ya otomatiki iliruhusiwa kuvuta karibu kilo 3,500 katika toleo lake lenye uwezo mkubwa zaidi, ilhali ya gia za mkono iliishia karibu kilo 2,000. Ford iliacha kuweka gia za mkono kwenye F-150 baada ya toleo la mwaka 2008, na Ram ikaziacha kwenye pikapu zake kubwa za dizeli baada ya lile la mwaka 2018. Kwa hiyo, kabla hujalinganisha bei, soma kitabu cha kila gari na kibati kilichogongwa kwenye fremu ya mlango, uone kila moja inaruhusiwa kubeba na kuvuta kiasi gani. Mara nyingi utakuta gari ambalo watu huliita la kazi ndilo lililoruhusiwa kazi kidogo.

Nikiwa bado kwenye uzito, sina budi kukuonya kuhusu hesabu yako mwenyewe, ingawa haihusu giaboksi. Pikapu nyingi za aina hiyo hubeba tani moja hivi kwa jumla, na jumla hiyo hujumuisha watu waliomo ndani pamoja na uzito ambao trela linaukandamiza kwenye ndoano. Trela la kilo 1,500 lililopakiwa vizuri hukandamiza kilo 150 hivi. Ukiongeza kilo 700 za mzigo na watu watatu wazima, umekwishapita kilo 1,000. Siku za trela, punguza mzigo wa nyuma. Hakuna giaboksi wala breki itakayokushukuru kwa kufanya vinginevyo.

Sasa nizitendee haki gia za mkono, maana ninazipenda na gari langu mwenyewe ni la gia za mkono. Uzuri wake mkubwa ni kwamba huharibika kwa uwazi. Klachi inayokaribia kwisha huanza kuteleza kwenye mlima wiki kadhaa kabla ya kukuacha njiani, na dereva mwenye subira anaweza kufika nyumbani hata pedali ikiwa imekufa kabisa, kwa kuwasha gari likiwa kwenye gia ya kwanza na kubadilisha gia kwa kupatanisha mizunguko ya injini na mwendo. Betri ikiishiwa, gari husukumwa likawaka, jambo ambalo otomatiki haliwezi, kwa kuwa pampu yake huzungushwa na injini na bila injini hakuna shinikizo la oili la kuingiza gia. Gari likiharibika, la gia za mkono huvutwa kwa kamba likiwa huru, lakini otomatiki ikivutwa huku magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, sehemu za ndani huzunguka bila kulainishwa na zinaweza kuungua. Isitoshe, giaboksi ya mkono inaweza kufunguliwa na fundi mwenye vifaa vya kawaida, wakati otomatiki ya kisasa inahitaji mtu mwenye kompyuta, usafi wa karibu kama wa maabara, na unyenyekevu wa kusoma maelekezo.

Hata hivyo, urahisi wa gia za mkono umepungua kwenye dizeli za kisasa. Injini hizi hutikisika sana kwenye mizunguko midogo, na ili kuituliza mitikisiko hiyo watengenezaji huweka flaiwili, lile gurudumu zito lililo kati ya injini na klachi, yenye vipande viwili vilivyounganishwa kwa springi. Flaiwili hiyo nayo huchakaa, huugua joto lile lile linaloiunguza klachi, na bei yake mara nyingi huizidi ya klachi yenyewe. Wapo wanaoibadilisha kwa flaiwili ya kipande kimoja ili kuokoa fedha. Gari hutembea, lakini mtikisiko ambao springi zilikuwa zikiubeba huhamia kwenye meno ya gia, na baada ya muda giaboksi huanza kuimba. Anayekwambia kwamba klachi ni kitu cha bei ndogo huenda anakumbuka pikapu za zamani.

Kisha kuna madereva. Umesema mtakuwa watatu, na hili limenisogeza kwenye uamuzi wangu kuliko kingine chochote, kwa sababu klachi inayotumiwa na watu wengi huishi umri anaoupanga aliye mzembe kuliko wote. Hapana shaka mke wako anaweza kujifunza, lakini kujifunza klachi kwenye gari lenye trela na kwenye mlima wa udongo ni kujifunza kuogelea kwenye mafuriko. Wala tatizo si la wanaoanza peke yao. Mimi, nikiwa tayari na miaka kadhaa kazini, niliimaliza klachi mpya kwa alasiri moja nikijaribu kurudisha trela kinyumenyume kwenye kilima, kwa sababu gia ya nyuma ilikuwa na mwendo mkubwa kuliko niliotaka na nikawa naipooza kwa kuachia pedali nusu. Ningekuwa na akili, ningeuweka mkono mdogo wa gia kwenye 4L, nafasi ya gia nzito za magurudumu yote manne, kwa vile ardhi ilikuwa legevu. Nafasi hiyo kwenye pikapu nyingi hugawanya mwendo kwa zaidi ya mara mbili na nusu, na joto la klachi hupungua kwa kiwango hicho hicho. Kwenye lami kavu hilo halifai kwa magari ambayo eksili ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, kwani magurudumu hukosa nafasi ya kutofautiana mwendo kwenye kona na vyuma hujisokota.

Kwenye miteremko, wasiwasi wa marafiki zako una msingi, lakini ni wa zamani. Otomatiki za gia nne zilikuwa zinaliachia gari liteleze, na dereva alibaki na breki peke yake mpaka zikachemka. Otomatiki za gia sita, nane au kumi, ukizichagulia gia nzito kabla hujaanza kushuka, hulishika gari karibu sawa na gia za mkono. Neno la kuzingatia ni kabla: ukingoja mwendo ukue, kompyuta itakataa kushusha gia ili kuilinda injini, na utakuwa umebaki na pedali ya breki. Kanuni ni ile ile kwa magari yote mawili, kwamba mteremko hushukwa kwa gia ambayo ungeitumia kuupanda, na kwamba kuweka gari huru kwenye mteremko ili kubana matumizi ya mafuta ni hatari isiyookoa chochote, maana injini ya kisasa inaposukumwa na magurudumu bila kukanyagwa mafuta huwa haipuliziwi dizeli hata kidogo. Pale panapotakiwa mwendo wa kutambaa kwenye mawe na makorongo, gia za mkono bado zina nafuu kidogo wakati wa kushuka. Katika Gladiator ya toleo la Rubicon, gia nzito kabisa ya mkono ilikuwa na uwiano wa 84.2 kwa 1, na ya otomatiki 77.2 kwa 1; kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo gari linavyotambaa polepole zaidi. Wakati wa kupanda, konveta hufidia tofauti hiyo na ziada, lakini wakati wa kushuka haifidii. Kwenye mchanga, kinyume chake, otomatiki hushinda waziwazi, kwa sababu hubadilisha gia bila kukata nguvu, na gari halipotezi ile kasi inayolizuia lisizame.

Kuhusu ulaji wa mafuta sitakuchosha. Tofauti iliyokuwepo zamani imefutwa na konveta zinazojifunga na wingi wa gia, na mguu wa dereva una athari kubwa kuliko giaboksi.

Twende kwenye magari yenyewe. Kwenye ile ya otomatiki, fika kabla injini haijawashwa siku hiyo, na mwombe mwenye gari asiipashe moto. Iwashe, iache itulie, kisha ukiwa umekanyaga breki weka R, yaani gia ya nyuma, na baadaye D. Kila moja inapaswa kushika ndani ya sekunde moja hivi, bila kukawia na bila kukupiga teke. Liendeshe kwa kukanyaga mafuta taratibu ili gia zote ziingie moja baada ya nyingine, na utazame mshale wa mizunguko: ukiona unaruka juu kati ya gia mbili na mwendo wa gari hauongezeki, klachi za ndani zinateleza. Shikilia mwendo usiobadilika, mahali fulani kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa, na usikilize kwa mwili zaidi kuliko kwa masikio. Gari likitetemeka kana kwamba linapita juu ya matuta madogo yaliyopangana, klachi ya konveta ina kasoro au oili imechoka. Kisha, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, endelea kuendesha kwa nusu saa na urudie kila kitu, kwa sababu giaboksi mbovu nyingi huwa na adabu zikiwa za baridi. Usikubali mtu akanyage breki na mafuta kwa pamoja ili kuipima nguvu. Ni jaribio halali la fundi, lakini halipaswi kuzidi sekunde chache, na gari si lako bado.

Oili yake ikaguliwe na fundi, hasa kwa kuwa magari mengi ya sasa hayana kijiti cha kupimia na kiwango hupimwa kutoka chini, injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa kwenye kitabu. Rangi ya kahawia pekee isikutishe, maana oili nyingine hugeuka rangi mapema, lakini harufu ya kuungua na vumbi jeusi lililosagika ni habari mbaya. Ikiwa imekuwa ya waridi na yenye povu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo ondoka bila kujadiliana bei, kwa sababu maji hubandua gundi iliyoshikilia malighafi ya msuguano kwenye klachi za ndani. Mwisho, kompyuta isomwe ili ionekane kama kuna makosa yaliyohifadhiwa, na pia kama yamefutwa asubuhi hiyo.

Utaambiwa kwamba oili ya otomatiki iliyokaa muda mrefu isiguswe, kwani ikibadilishwa giaboksi hufa. Imani hii imetokana na giaboksi ambazo zilikuwa zinakufa tayari, zikapelekwa kubadilishwa oili kama jaribio la mwisho, zikafia hapo. Giaboksi inayofanya kazi vizuri haidhuriwi na oili safi ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu, ikiwekwa pamoja na chujio jipya, kwa kumwaga na kujaza badala ya kusukumwa kwa mashine ya shinikizo. Nawe utaambiwa vilevile kwamba oili hiyo ni ya maisha. ZF ya Ujerumani, ambayo otomatiki zake za gia nane zimefungwa kwenye pikapu kadhaa, inapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila baada ya miaka 8. Gari lako limefika kwenye mpaka huo, na kwa kazi yako ningerudia kila kilomita 50,000 au 60,000.

Kwenye ile ya gia za mkono, tafuta barabara iliyonyooka, weka gia ya nne au ya tano kwenye mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda haraka huku mwendo ukibaki nyuma, klachi imekwisha. Kelele inayoanza unapokanyaga pedali hutoka kwenye beringi ya klachi, lakini ile inayokuwepo gari likiwa huru na kupotea unapokanyaga pedali hutoka kwenye beringi ya shafti inayoingia kwenye giaboksi, na hiyo ni kazi kubwa zaidi. Shusha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa haraka ya kawaida. Ikisaga, kuna kitu kimeliwa. Achia mafuta ghafla katika kila gia uone kama mkono wa gia unaruka wenyewe. Zima injini na usikilize: mgongano wa vyuma wakati injini inapotulia mara nyingi ni flaiwili inayoomba kubadilishwa. Kisha lirudishe gari kinyumenyume kwenye kilima kidogo, kwa kuwa hapo ndipo klachi iliyowahi kuunguzwa hutetemeka.

Ukinunua otomatiki, mfundishe kila dereva jambo moja linalohusu kuegesha trela kwenye mlima. Akiwa amekanyaga breki, aweke N (huru), avute breki ya mkono, aachie breki ya mguu polepole mpaka uzito wote ukae kwenye breki ya mkono, ndipo akanyage tena na kuweka P (ya kuegesha). Akianza na P, tani nne na zaidi zitaning'inia kwenye jino moja dogo la chuma ndani ya giaboksi, na siku moja mkono wa gia utakataa kutoka mpaka gari lingine livute lenu kidogo kuelekea juu.

Kati ya magari mawili uliyoyaeleza, nenda kwanza kwenye ile ya otomatiki, asubuhi, ukiwa na fundi. Kama baada ya nusu saa haijatetemeka, haijachelewa kushika, na oili yake hainuki, inunue, ibadilishe oili kabla ya kuifunga trela, na uiongezee rejeta ya oili kama haina. Ikikuonyesha dalili hata moja, nenda kwenye ile ya pili, na bei utakayoitoa ipunguziwe gharama ya klachi na flaiwili, kwa sababu baada ya kilomita 140,000, huku ukiwa humjui aliyeiendesha, sehemu hizo mbili uzihesabu kuwa ni zako kuzinunua.